Maganzo Sitoi

Nimejilaza chini ya turubai, jua la mchana linawaka, jiwe langu nimelibana shavuni, na kope zinapogusana tu najikuta ndani yake. Ndiyo, ndani ya jiwe. Asubuhi Lugwisha, dalali wa almasi, amelitazama kwa lenzi yake akacheka, Mama Holo, hiki kipande cha chupa, saa kumi nikipita nipe nikakutupie. Nami, na miaka yangu tisa ya kuchekecha mchanga hapa Maganzo, nimeanza kumwamini, maana yeye ana lenzi na mimi nina mikono tu. Sasa niko kwenye barabara nyeupe inayojikunja na kurudi pale pale, na shavu langu ni tupu. Mbele yangu anatembea mtu asiye na uso. Shikamoo, namwambia, asiye na uso utamjuaje umri. Marahaba, mama. Jiwe langu liko wapi? Kitendawili, anasema. Tega. Kizito kinazama ili kikae juu. Nawaza, naona giza, nasema nimeshindwa. Nipe mji. Basi namtajia Dubai, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, tukigawa miji tusiyoijua, na papo hapo Dubai inasimama mbele yetu, kuta zote vioo, na watu wanalipima jiwe langu wakisema, jiwe letu hili. Naruka, langu hilo! Hawanisikii. Ulilitoa pamoja na mji, ananiambia asiye na uso, kisha anatega tena kile kile. Nashindwa tena, natoa Surat, na mwanamume mwenye vumbi kwenye kope analichonga juu ya gurudumu, linapungua, linang'aa, anasema, letu. Natoa Antwerp, liko dirishani juu ya kitambaa cheusi, bibi harusi anauliza limetoka wapi, anajibiwa, limetoka hapa hapa dirishani. Hapo hasira zinanipanda. Limetoka dirishani! Na mgongo wangu je? Kizito kinazama ili kikae juu, anarudia yule, umeshindwa, nipe mji, na umebaki mmoja.

Maganzo sitoi, nasema. Sitoi! Na jibu ninalo, nilikuwa nalo mikononi siku zote: ni almasi kwenye chekeche. Ukitikisa majini inazama chini katikati, ukipindua inakaa juu. Vioo vyote vinapasuka kwa kicheko, nacho kicheko ni changu.

Mama Holo, amka, saa kumi hii. Lugwisha amesimama juu yangu, mkono ameshaunyoosha. Ngoja, namwambia, lete beseni la maji. Nalitema jiwe kwenye chekeche, namimina kokoto juu yake na vipande vya chupa iliyovunjika, natikisa majini, nazungusha, kisha napindua chini kama mtu anayepindua ugali kwenye sahani. Chupa zimetawanyika pembeni. Jiwe langu limekaa katikati, juu kabisa. Wanawake wa mashimo yote wanapiga vigelegele, nami nalia bila aibu. Lugwisha anarudisha lenzi mfukoni. Haya, Mama Holo, nimeshindwa. Namtazama vizuri, nihakikishe kama uso anao, kwa kuwa maji haya yanang'aa mno na barabara nyuma yake ni nyeupe. Sijali niko upande gani.

Nipe mji, namwambia.