Pandisha Shati

Serikali ililipia sehemu kubwa ya bei ya ile mifuko, kisha ikataka irudishiwe kwa aibu.

Tangu fundi makochi alipokatwa utumbo, choo chake kilitokea kwenye tundu karibu na kitovu, kikaingia katika mfuko uliobandikwa hapo. Kila alipofuata mifuko mingine hospitalini, ilibidi tundu likaguliwe kwanza, eti kuna wajanja waliwahi kuiuza. Wajanja hao walikuwa wa stoo yenyewe, hatujasahau. Walioamriwa kupandisha mashati ni wagonjwa.

Kwa kawaida muuguzi mkongwe alimkagua nyuma ya mlango. Siku hiyo hakuwepo. Dirishani alikaa binti mgeni kazini.

"Pandisha shati, mzee."

"Hapa hapa, mwanangu?"

"Ulitaka nikutandikie zulia? Foleni hiyo huioni?"

Fundi akageuka. Nyuma yake alisimama mkwewe, mama wa mume wa binti yake, aliyefuata dawa za presha. Mbele ya mama huyu, fundi hata kukohoa alikohoa kwa adabu.

"Si yangu," akaropoka. "Namchukulia ndugu yangu."

"Basi aje na tumbo lake. Anayefuata!"

Mkwe akasogea dirishani. Fundi akakaa pembeni, asithubutu kuondoka: nyumbani hakukubaki hata mfuko mmoja, na huu aliovaa ulishaanza kubanduka. Akaubana kwa kiwiko. Harufu ikamponyoka.

"Jamani, nani kaja na choo chake?" dereva mmoja mcheshi akauliza kutoka kwenye foleni.

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, tena kuwashinda wote.

"Dada, hebu mbadilishe mwanao," dereva akamwambia mama kijana aliyebeba mtoto.

"Mwanangu msafi!"

"Msafi yeye, chafu pua zetu?"

Machozi yakimlengalenga, dada yule akamlaza mtoto kwenye benchi, akamfungua nepi mbele ya kadamnasi. Kavu.

Fundi akaacha kucheka. Alichokikimbia yeye, sasa anafanyiwa mtoto wa mwenzake.

"Mfunike mtoto, dada. Ni mimi."

Akarudi dirishani, kando ya mkwewe, akapandisha shati hadi kidevuni. Nyama nyekundu ikaonekana, na mfuko ukining'inia upande mmoja.

"Si ulisema ni ya ndugu yako?"

"Nilidanganya. Haya, kagua."

Binti akatazama kaunta. "Shusha, baba. Nimeshaona."

"Hujatazama."

Maboksi yakasukumwa nje haraka. Fundi akayakumbatia, akageuka amwombe mkwewe radhi. Hakuwepo. Dawa zake za presha zilikuwa bado juu ya kaunta.

"Huyo mama kasahau dawa!" binti akasema. "Hebu mwite, hajafika mbali."

Kweli, alionekana mlangoni, anatembea ameinamisha kichwa, anaharakisha ili awe kama mtu ambaye hakuona kitu. Sauti moja tu ingemfikia, naye angelazimika kugeuka.

Fundi alifungua kinywa. Hakumwita.