Mkono wa Mteuzi wa Tumbaku

Jumamosi alasiri, Advera aliwamiminia chai Mwalimu Revocatus na jirani yake Mwanamkuu, akafuta meza, akatoa dadu. Mchezo wenyewe mwalimu aliuleta Urambo kutoka Dar es Salaam. Kila mchezaji huandika kwenye karatasi kazi ya mtu atakayemwigiza, kama ni mpiganaji, mganga au mwizi, kisha tabia yake: mwema au mwovu, mfuata sheria au mvunja sheria. Advera, mjane mwenye ekari mbili za tumbaku, aliandika: Mpiganaji. Mwema. Mfuata sheria.

Jumatatu maneno hayo yalikuwa kwenye mkono wake wa kulia, chini ya kiwiko. Kila mtu wilayani aliamka na yake. Hayakutoka kwa sabuni wala kwa majivu, basi watu wakaenda shambani.

Siku ya soko, mteuzi wa tumbaku, Silasi, alikunja mikono ya shati kama kawaida. Kazi yake ni kupapasa jani, kulinusa, na kuupa kila mtumba, yaani furushi la majani lililofungwa, daraja lake. Mkononi palisomeka: Mwizi. Mwovu. Mfuata sheria. Hakushusha shati, kwa sababu kulikuwa na joto.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Advera.

"Marahaba, baba. Jani hili nimelichambua mwenyewe siku tisa."

Silasi alilinusa, akalisifu, kisha akabandika kikaratasi cha kukataliwa. Mtumba wa shemeji yake, wenye ukungu, aliupa daraja la kwanza. Kabla ya siku hiyo Advera alikuwa amekwisha kukataliwa mara mbili, na kwa kanuni za chama cha ushirika cha wakulima, akikataliwa mara ya tatu mkulima hufutwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuuza. Aliumia, wala hakuficha. Alimshika Silasi mkono, akauinua juu.

"Someni!"

Walisoma. Silasi hakuuvuta mkono wake.

"Someni mpaka mwisho," alisema kwa upole.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Vedasto, alivaa miwani, akasoma mara mbili, akaagiza yote yaingizwe kwenye muhtasari.

"Angekuwa mvunja sheria, tungemfukuza leo hii," alisema. "Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Wanachama walinyoosha mikono kumwongezea Silasi misimu miwili ya kazi. Kwa kuwa mikono ilikuwa juu, kila mmoja aliweza kusoma ya mwenzake. Karibu wote walikuwa wema.

Advera alijitwika mtumba wake, akarudi nao nyumbani kwa miguu. Kesho yake, jina lake likiwa limekwisha kufutwa, alidamka hata hivyo kwenda shambani kung'oa mabua makavu, mstari kwa mstari, ili udongo uwe tayari msimu utakapoanza.