Mwalimu Kimotho na Sarufi ya Gari

Mwalimu Kimotho ni mtu ambaye ukimpigia kelele kwamba nyumba inaungua, atachunguza kwanza kama umetumia ngeli sahihi. Nafundisha naye shule moja hapa Isiolo, kwa hivyo namjua. Mama mboga wa mtaa wa Chechelesi alimlilia siku moja, "Gari yangu ya nyanya imekwama!" Badala ya pole akampa somo: "Si gari yangu, mama. Sema gari langu."

Basi gari lake yeye likashindwa ukaguzi, akaarifiwa kwamba usajili wa gari hilo umesimamishwa. Akaendelea kuliendesha hadi Garbatulla na kurudi. Nilipomwonya alinicheka.

"Soma vizuri, Mwalimu Deeqa. Kiima ni usajili. Kilichosimamishwa ni usajili, gari halijasimamishwa."

Polisi wa barabarani hawakutaka sarufi. Gari walilipeleka kituoni, naye wakamfikisha kortini. Huko nako akaanza kumchambulia hakimu sentensi, kiima hiki, kiarifu kile, utadhani yuko mbele ya Darasa la Sita. Sisi walimu wenzake tulitamani ardhi itumeze.

Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtoza faini, akaagiza gari libaki kituoni mpaka usajili urudishwe.

Kimotho alishika kizimba kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, sasa gari yangu nitaipata lini?"

Hakimu hakuinua hata macho.

"Sema gari langu, Mwalimu."