Gari Lisilopenda Asubuhi

Ubaya wa gari la Lutengano ni kwamba mbele za watu lilikuwa na adabu. Asubuhi, nyumbani kwake Bujonde, alilipiga moto, akavuta mkono wa gia mpaka kwenye alama ya kwenda mbele, akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari likabaki palepale likifikiri. Likafikiri sana. Alipokwisha kukata tamaa, likaruka ghafla nusura libomoe jiko. Mchana huohuo alilipeleka Kyela kwa Abdallah, fundi wa malori, nalo likaitika mara moja, kama mtoto aliyetumwa mbele ya mgeni.

"Ndugu yangu," Abdallah akamwuliza, "hapa mgonjwa ni nani?"

Lutengano hakucheka. Gari hilo alilinunua kwa sababu moja tu. Mkewe Damari aliposhikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, walingoja lori la mpunga limpandishe hospitali ya Tukuyu. Lori lilikuja jioni, na mtoto hakuishi. Basi Lutengano alipotoka migodini Rhodesia, jasho lake lote lilimwishia Mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Miaka ile Wazungu walikuwa wameanza kufunga mizigo. Gari la familia, viti virefu, halina klachi, gia zinajibadilisha zenyewe. Mzungu alilisema hilo kwa majivuno. Nani atalitengeneza, hakusema. Na sasa Damari alikuwa mzito tena, siku yoyote.

Abdallah alizijua klachi kuliko alivyowajua wakwe zake. Gari lisilo na klachi kwake lilikuwa mtu asiye na shingo, hujui umkabe wapi. Hata hivyo alijitahidi. Alisafisha plagi, akatazama kama breki zinang'ang'ania, akafuata vyuma vya mkono wa gia toka juu hadi chini. Vizima vyote. Akalijaribu tena juani, likakimbia vizuri. Kesho yake alfajiri, Bujonde, likafikiri. Wapita njia nao walikuwa na elimu yao. Mmoja alisema petroli ina maji, mwingine akasema gari la Mzungu halijazoea Kinyakyusa. Lutengano akaanza kulisalimia kila kukicha, "Ugonile," ili kama kosa ni hilo, liishe.

Aliyeshangaa kuliko wote ni baba yake, Mzee Anyisile. Tangu gari lije alihamishia kigoda chake ubavuni mwake, akilitazama kutwa kama ng'ombe aliyekataa majani. Na alipo Mzee Anyisile, Damari hawezi kuwapo. Mkamwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe, hapiti mbele yake, wala hapazi sauti akasikia. Kwa hiyo wanaume walipokuwa wakikuna vichwa uani, Damari alikuwa nyuma ya nyumba na kazi zake, wala hakuna aliyemwuliza kitu.

Mwishowe Abdallah akaenda kulala Bujonde, auone ugonjwa kwa macho yake. Ilikuwa Julai, umande umelala mpaka kwenye migomba. Gari likapigwa moto, likafikiri. Abdallah akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Kwa maneno ya Mzungu, oili yake ilikuwa nyekundu na nyepesi. Hii ilikuwa na rangi ya machungwa, imekishika kijiti kama uji uliolala. Akanusa. Akanusa tena, maana pua yake hakuiamini.

"Lutengano, gari lako linanukia mchuzi wa samaki."

Kabla hajajibiwa, Naomi, dada yake Lutengano, akatokeza kona ya nyumba kusema kwamba Damari ameshikwa. Lutengano akageukia nyumba, akageukia gari, akageukia nyumba tena, asijue aanze na lipi. Abdallah, ambaye miiko ya nyumba ile haikumfunga, akazunguka nyuma.

"Shemeji, samahani. Nani amelilisha gari mawese?"

"Mimi."

Akamweleza, akisimama kidogo kila uchungu ulipombana. Mumewe alikuwa safarini Mbeya, na gari likawa linadondosha matone mekundu chini kila siku. Gari la kumpeleka yeye hospitali likauke, naye anatazama? Akachukua kopo zima la mawese yaliyokamuliwa wiki ile, akayachuja kwa kanga, akamimina palepale alipozoea kumwona mumewe akichomoa kijiti.

"Yameganda," Abdallah akasema.

"Julai hata jikoni yanaganda. Kwani kwenu kopo likiganda mnalipigia kelele? Lipasheni moto."

Chungu kinene cha wafinyanzi wa Ikombe kikajazwa makaa, kikasukumwa chini ya giaboksi baada ya Abdallah kuhakikisha petroli haivuji. Mzee Anyisile mwenyewe alilala kifudifudi akipepea kwa ungo. Alijua amri imetoka kwa mkamwana, ila akaipokea kama ya fundi. Kijiti kilipotoka tena, mafuta yalikuwa yakitiririka. Lutengano akavuta mkono wa gia, na gari likashika papo hapo.

"Likipoa mlimani je?" akauliza.

"Halitapoa likienda. Wewe usilizime tu."

Sasa ilibaki Damari kupita, na baba mkwe yuko pale uani. Mzee akainuka, makaa yamemchafua kifua, akaingia migombani, akajifunika jani na kuwapa mgongo. Naomi akampakia wifi yake kiti cha nyuma. Ndipo sauti ikatoka migombani. Haikuwa kwa mkamwana. Maneno hayo yaliambiwa gari.

"Wewe, umekula chakula cha nyumba hii. Mfikishe."

Likaondoka bila kufikiri. Huko Tukuyu manesi waliompokea Damari waliuliza nani anakaanga samaki, na mtoto alilia kabla gari halijapoa.