Vitumbua vya Birimba

Nadia alipokaribia kutimiza miaka ishirini na minane, wenzake wawili walimpa zawadi ambayo hakuweza kuikataa. Jamila, mwenye saluni ya Mwanga mjini Kigoma ambako Nadia alikuwa msusi, na Edita, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akisukwa hapo tangu saluni ikiwa na kiti kimoja, walichanga, wakakodi gari na kupanga siku mbili Rumonge, kwa Warundi.

"Wewe si unasema hujawahi kuvuka mpaka?" Jamila alimwambia. "Basi Jumamosi unavuka. Tutatembea, tutapiga picha, tutakula kila kitamu kitakachopita mbele yetu. Kujinyima kutaanza Jumatatu."

Nadia alicheka, akashukuru, kisha akaenda uani kufua mataulo ambayo yalikuwa yamefuliwa asubuhi ile ile.

Ni kweli alikuwa amesema hivyo, tena si mara moja. Lakini alizaliwa Rumonge, mtaa wa Birimba. Wazazi wake walifariki akiwa hajaanza shule, akalelewa na shangazi yake Sharifa, mpika vitumbua, na mumewe Nuhu, fundi cherehani. Wawili hao hawakujaliwa mtoto wao. Mwaka 2015, nchi ilipochafuka, shangazi alimvusha hadi Ujiji kwa binamu ya baba yake, mzee Shabani, naye mzee akamwandikisha kama binti wa kumzaa. "Kuanzia leo wewe ni wa Ujiji," shangazi alimwambia walipokuwa wakiagana. "Ukiulizwa, usibabaike."

Hakubabaika. Aliyafuta maneno ya kwao ulimini, akajifunza kusema kama watu wa Ujiji, na akapata kitambulisho. Hilo la karatasi hakujilaumu nalo sana, maana wengi walifanya vile. Kilichomla moyo ni kilichofuata. Miaka ya mwanzo shangazi alimpigia kila Ijumaa. Siku moja simu ilikuwa na sauti kubwa, na mteja mmoja pale saluni akauliza, "Unaongea na Mrundi gani?" Nadia akasema, "Mtu kakosea namba," akakata, ilhali upande wa pili shangazi alikuwa bado anamuulizia afya yake. Baada ya mwezi alibadilisha laini. Alijiambia atampa shangazi namba mpya mambo yakitulia. Mambo yalikuwa yametulia miaka yote, na miaka ikawa sita.

Jumamosi waliondoka alfajiri. Dereva wao, Silvano, alikuwa mtu wa Mabanda, ng'ambo ya mpaka, mpole, mwenye kupenda kueleza. Walipita Manyovu, wakagongewa mihuri, wakateremka Nyanza-Lac, na ziwa likaanza kuwafuata upande wa kushoto. Edita alishusha kioo akawa anapiga picha kila kitu: michikichi, wanawake wenye mabeseni ya ndagala, dagaa wa huko, baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi hadi mwendeshaji haonekani.

Kigwena waliingia msituni kutazama nyani. Mwongoza wageni alimwambia Silvano kwa Kirundi kwamba yule dada mwenye mtandio wa kijani ana uso wa watu wa Rumonge kabisa. Silvano akacheka. Nadia, aliyekuwa ameelewa kila neno, aliinama akafunga kamba za viatu, kisha akamuuliza Edita, "Wanasema nini hawa?"

"Mimi nitajuaje?" Edita alisema. "Labda wamekupenda."

Rumonge walifika saa sita. Mji ulikuwa umeongezeka majumba, lakini msikiti ulikuwa palepale, na harufu ya mawese yanayochemshwa ilimpata Nadia kabla hajajiandaa. Alivaa miwani ya jua. Walikwenda ufukweni, wakatembea miguu ikiwa majini, wakampiga picha akiwa peke yake, akiwa na Jamila, akiwa ameruka juu. Halafu waliingia duka la keki kwenye barabara kuu, wakaagiza keki yenye krimu na mikate ya siagi iliyokunjwakunjwa kama ile ya Wafaransa. Jamila aliomba mshumaa. Muuzaji hakuwa nao, akawasha njiti ya kiberiti akaichomeka kwenye keki, na wakaimba haraka kabla haijaungua yote. Kwa muda mfupi Nadia alisahau. Alicheka hadi machozi, akawaza kwamba siku itapita hivi hivi, na kesho watakuwa barabarani.

"Hivi ni vya dukani," Silvano alisema, akijifuta krimu kwenye masharubu. "Kama munataka kitamu chenyewe cha Rumonge, kuna mama mumoja Birimba. Vitumbura vyake, watu wa Bujumbura wanasimamisha gari."

"Vitumbura," Edita alirudia, akifurahia neno. "Twende."

"Mimi nimeshiba," Nadia alisema.

"Hakuna kushiba leo," Jamila akajibu, akamshika mkono.

Wangeweza kuwapo wapika vitumbua wengi Birimba. Nadia alijiambia hivyo hadi gari lilipopinda kona ya pili. Kisha aliona ukuta aliokuwa akikwaruza kwa msumari akiwa mtoto, na barazani, nyuma ya meza yenye plastiki ya maua, shangazi Sharifa akigeuza vitumbua kwa kijiti. Alikuwa amekonda. Miwani yake ilifungwa uzi upande mmoja.

"Amahoro, karibuni," alisema. "Mukae, benchi iko hapo. Viko moto bado."

Alimtazama Jamila, akamtazama Edita, kisha akamtazama Nadia. Kijiti kilisimama. Kitumbua kimoja kikaanza kutoa moshi karaini, naye hakukigeuza. Nadia alivua miwani ya jua, hakujua kwa nini, na wakatazamana hivyo. Halafu shangazi akainama, akakitoa kile kilichoungua, akakiweka kando.

"Munatoka wapi?" aliuliza.

"Kigoma, mama," Jamila alisema. "Tumemleta mwenzetu huyu. Leo ni siku yake ya kuzaliwa."

"Leo." Shangazi alichukua sahani. "Ndiyo. Leo."

Aliwapakulia, viwili viwili, na kwa Nadia akaweka vitatu. "Hicho cha tatu sio cha kuuza," alisema. "Na wewe, dada, wazazi wako wazima?"

Lilikuwa swali la kawaida, kama mpishi yeyote anavyoweza kumuuliza mgeni. Nadia alijua pia kuwa lilikuwa mlango, na kwamba shangazi ameufungua kwa upole ili aingie akitaka. Jamila alikuwa anatafuna akimtazama. Edita alikuwa ameshika simu.

"Baba yuko Ujiji," Nadia alisema. "Mama alishafariki."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

"Mungu akutunze," shangazi alisema, akarudi kwenye moto wake.

Nadia alikula vyote vitatu. Hakusikia ladha, alisikia tu mafuta kooni, lakini aliona kubakiza hata kipande kungekuwa tusi jingine. Jamila alisifu sana, akanunua vya kubeba, kisha akaanza kuomba nyongeza kama afanyavyo kila mahali. "Mama, tuongezee kidogo, tumetoka mbali." Shangazi akaongeza. Jamila akaomba tena, na shangazi akaongeza tena. Mwisho Edita akataka picha ya wote na mpishi. Shangazi alifuta mikono kwenye kitenge, akasimama nyuma ya Nadia na kuweka mkono begani kwake. Ulikuwa na joto la karai. Alipouondoa alisema, "Murakoze, asanteni, mupite salama," na kuwageuzia mgongo.

Nyumba ya wageni ilikuwa karibu na ziwa. Nadia alitapika, Jamila akacheka akasema ndiyo adhabu ya ulafi, akaenda kumtafutia chai ya tangawizi. Nadia hakuingoja. Jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo, alitoka mlango wa nyuma akarudi Birimba kwa miguu.

Shangazi alikuwa anasugua karai kwa mchanga. Hakuinuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wenzako wanajua uko hapa?"

"Hapana."

"Basi usikae sana."

Nadia alikaa chini, kwenye sakafu, karibu na ndoo. Alikuwa amepanga maneno njiani, na sasa hayakuja. "Niliogopa," alisema. "Kitambulisho changu kinasema—"

"Najua kinasema nini. Mimi ndiye nilikupeleka." Shangazi aliendelea kusugua. "Pale mbele yao, hiyo nilielewa. Nilipokuona tu nilijua hutaweza kusema, nikakusaidia. Lakini miaka sita, Nadia?"

"Nilibadilisha namba."

"Yangu haikubadilika."

Nadia alijua. Aliikumbuka ile namba kwa kichwa, tarakimu zote. Alikuwa akiikumbuka hata siku alipotupa laini ya zamani.

"Nuhu yuko wapi?" aliuliza, maana cherehani haikuwa barazani.

Shangazi aliweka karai chini. "Nuhu alikufa. Imetimia miaka mitatu mwezi uliopita. Figo. Alilala hapo ndani wiki tano, na kila siku ananiambia, piga tena. Ninapiga, ile sauti ya mashine inasema namba haipatikani. Ninamwambia mutoto iko na kazi nyingi, atapiga."

Kila asubuhi, miaka mingi, Nuhu alimbeba Nadia kwenye baiskeli hadi shuleni, mto wa sponji ukiwa umefungwa nyuma ili asiumie. Nadia alifunika uso. Shangazi alimwacha alie. Hakumgusa, na Nadia hakutegemea aguswe.

"Nitawaambia wenzangu," alisema baadaye.

"Usiwaambie kwa ajili yangu. Mimi siishi nao." Shangazi aliinuka akishikilia ukuta. "Kama ni kwa ajili yako, haya. Sasa nenda, watakutafuta."

Aliwaambia asubuhi, kwenye chai. Aliwaambia yote, la kuzaliwa, la Ujiji, la mteja na simu iliyokatwa, la Nuhu. Edita aliangalia mlangoni kama kuna anayesikia. Kazi ya serikali ilikuwa imemfundisha kuogopa karatasi. Jamila aliacha kukoroga chai. Vitumbua vya jana vilikuwa mezani kwenye mfuko, vimepoa.

"Yule ni shangazi yako," Jamila alisema. "Na mimi namwomba nyongeza. Mara mbili. Na wewe umekaa pale unaniangalia."

"Ndiyo."

"Miaka minane unafanya kazi kwangu. Ulidhani ningekupeleka polisi?"

"Sikudhani hivyo. Nilizoea tu."

Jamila alisukuma kikombe. "Karatasi zako ni zako, sitazigusa, na Edita hatazigusa. Lakini sijui nikuangalieje leo. Sikufichi." Kisha akamuita Silvano, akamwambia wapite Birimba kabla ya kuondoka.

Hawakumkuta. Jirani alisema mama ameondoka mapema kwenda Gatete kununua mawese, atarudi mchana, labda jioni. Walingoja saa nzima garini. Edita alianza kutaja kufungwa kwa mpaka na vipindi vyake vya Jumatatu. Mwishowe Nadia alichukua begi lake, akashuka.

"Nipe siku tatu," alimwambia Jamila.

"Chukua nne," Jamila alisema, bila kumtazama, na akampa mfuko wa matunda waliokuwa wamenunua kwa ajili ya njiani. "Mwambie nilimsalimia. Mwambie sikujua."

Gari lilipoondoka Nadia alikaa kwenye ngazi. Watu walipita, wengine wakamtazama mara mbili. Mzee mmoja alisimama, akaonekana anatafuta jina, akakata tamaa, akaendelea. Saa nane shangazi aliteremka kwenye baiskeli ya kukodi na dumu la mawese. Alipomwona hakushangaa, au hakuonyesha.

"Wenzako?"

"Wamekwenda. Wanajua."

Shangazi alimlipa mwenye baiskeli. "Shika dumu," alisema. "Mugongo unaniuma."

Siku hiyo waliosha mchele, wakauloweka, na hawakuzungumza zaidi ya kazi ilivyohitaji. Nadia alilala kwenye chumba cha cherehani. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na chini yake kulikuwa na suruali moja ya mteja, haijapindwa miguu.

Jumatatu asubuhi shangazi alimpeleka makaburini. Kaburi la Nuhu halikuwa na jina, ila lilizungushiwa mawe ya ziwani, na majani yalikuwa yameota kati ya mawe. Walisoma Fatiha. Nadia alichuchumaa akaanza kung'oa majani, moja moja, pamoja na mizizi, akisubiri machozi ambayo safari hii hayakuja.

"Alisema nini?" aliuliza bila kugeuka. "Alipokuwa anataka mnipigie. Alitaka kuniambia nini?"

Shangazi alifikiri. Nadia alijua angeweza kupewa jambo kubwa, wosia au msamaha, na kwamba angelishika maisha yake yote.

"Hakuwa na la kukuambia," shangazi alisema. "Alitaka kujua kama umeolewa, na kama huko kuna mutu wa kukusindikiza kazini asubuhi. Ni hayo tu. Aliuliza hayo hayo kila siku."

Nadia aliendelea kung'oa. Kucha zilijaa udongo. Upande wa pili wa kaburi shangazi naye alichuchumaa, taratibu kwa sababu ya mgongo, akaanza kung'oa upande wake.