Jiwe Lililofifia kwa Mama

Nilirudi likizo mtaani kwetu Shika Adabu mwaka 1998 nikiwa na punje ya almasi ndani ya kichupa, na majivuno ya kutosha mtaa mzima. Majirani wakimuuliza mama mwanawe anasomea nini ng'ambo, hujibu, "Mawe." Nilitaka aone.

Tukafunga madirisha. Nikaimulika almasi kwa taa ya kijani. Tukiitazama kupitia kioo cha maabara kinachochuja ukijani, ikawaka nyekundu.

"Ndani yake mna kasoro ndogo mno," nikamwambia. "Kasoro hiyo huhisi sumaku. Sumaku ikikaribia, wekundu hufifia. Siku moja, inshallah, itazisaidia mashine za hospitali kuona uvimbe ungali mdogo kama mtama."

Mama akanyosha mkono aishike. Wekundu ukafifia. Akaurudisha, ukawaka. Akaunyosha tena, ukafifia tena.

"Laa ilaaha illallah," akanong'ona. "Limenikataa."

Bibi yake alikuwa na pete ambayo kito chake, kwa maneno ya ukoo wetu, kilipotewa na rangi mbele ya mtu aliyekaribia kufa. Mama hakula mchana huo. Alasiri nikamkuta anamtengea dada yangu Dhahabu kanga zake mpya, na sanda ameshaitoa sandukuni. Nikacheka, msomi mimi, halafu hofu ikanishika. Nimeona watu walioamua kufa, wakafa.

"Mama, jiwe halijui kifo!" nikamaka. "Linajua sumaku tu!"

Hapo akili ikanirudia. Nikaupandisha mkono wa gauni lake. Ndani palikuwa na bangili nyeusi, nzito, ya vipande vya sumaku, zile wanazouziwa wenye maumivu pale kivukoni. Nikamvua, nikawasha taa, nikamwomba anyoshe mkono.

Jiwe likabaki jekundu.

Nikacheka hadi machozi yakanitoka. Mama akashusha pumzi, akasema Alhamdulillahi, akaanza kuzirudisha kanga.

"Kumbe bangili tu! Uliinunua ya nini, mama?"

Akaziweka kanga chini, akanisogelea.

"Tsuma, mwanangu, nilikuonea haya. Tangu Ramadhani kuna kitu hapa, kama kokwa ya tende. Waliniambia bangili itayavuta maumivu."

Akakishika kidole changu, akakibonyeza juu ya gauni, chini ya kwapa. Kitu chenyewe kilikuwa kigumu, tena kikubwa kuliko kokwa. Nikaogopa hata kuondoa mkono.