Panya Waliokula Mtama wa Mama

Kefule! Rashida alikanyaga kinyesi cha bata bukini kabla hata hajafunga mlango wa gari. Kibichi, cha kijani, kikajipaka mpaka kwenye kamba za kiatu. Alisugua kiatu kwenye nyasi, na nyasi nazo zilikuwa zimejaa kinyesi.

"Ndiyo baraka hiyo," alicheka kaka yake, Pyarali, akiteremsha mfuko wa mtama kutoka kwenye buti.

"Baraka kalale nazo wewe, Bhai."

Wote wawili walizaliwa Mwanza, nyuma ya duka la nafaka, na sasa walikuwa wazee wanaoishi pamoja Agincourt, mtaa wa Toronto. Rashida hakujua kuendesha gari. Kwa hiyo walipatana: Pyarali amlete dada yake ziwani kupiga picha za ndege, na Rashida amnunulie Pyarali mtama wa kuwamwagia njiwa kwa jina la marehemu mama yao. Mama alikuwa akiwamwagia kila asubuhi mbele ya duka, na Pyarali aliweka nia kwamba maadamu anapumua, sadaka ile haitakatika, hata Toronto.

Rashida hakuwa na neno na sadaka. Njiwa ndio waliomkera: wamenenepa, wanapigana vikumbo, wanakula na kunya papo hapo. Alivumilia kwa sababu ya kibisi.

Kibisi ni ndege wa kuzamia mwenye shingo nyekundu, na huyu alikuwa na kiota kinachoelea kwenye matete, karibu kabisa na ukingo. Miaka iliyopita mawimbi yalikisomba kiota kabla mayai hayajaanguliwa. Mwaka huu yameanguliwa. Vifaranga wa kibisi hupanda mgongoni mwa mama yao, wakatembezwa majini huku wanachungulia kwenye manyoya. Picha hiyo ndiyo Rashida aliyokuwa akiililia, na magoti yake hayakumwahidi mwaka mwingine wa kuchuchumaa.

Alichuchumaa, akaelekeza lenzi. Vifaranga wawili, wana milia, wamejibana chini ya bawa.

"Haya, wanangu," alinong'ona. "Pandeni."

Nyuma yake mtama ulimwagika, shaaa. Njiwa wakashuka. Na kutoka kwenye mawe ya ukingo wakatoka panya.

Panya buku, jamani, wenye mikia minene isiyo na manyoya, wakijipenyeza kati ya njiwa bila haraka, kama wageni walioalikwa. Rashida alikusanya gauni lake. Kule dukani Mwanza aliwahi kumkuta mmoja amezaa ndani ya gunia la mchele, na mpaka leo hatii mkono kwenye mchele bila kuchungulia kwanza.

"Bhai! Huwaoni?"

"Nawaona. Nao wana matumbo."

Mmoja hakungoja zamu. Aliingia majini, akaogelea kichwa juu mpaka kwenye matete. Kibisi akamshambulia kwa mdomo. Panya akazunguka nyuma. Rashida alipiga kelele, akatupa jiwe, likaanguka mbali. Kwenye lenzi aliyaona yote kwa ukubwa ambao hakuutaka: meno ya manjano, kifaranga ameshikwa shingo, anapigapiga miguu, anaburutwa. Punje ya mtama ilikuwa imenata kwenye sharubu za panya. Kidole cha Rashida kikabonyeza chenyewe.

Akatapika, juu ya kiatu kile kile.

Kisha alimfuata kaka yake, akamsogezea kioo cha kamera mpaka usoni. "Tazama sadaka yako."

Pyarali alivaa miwani, akatazama. "Riziki yao wameipata, Rashida. Tutafanyaje?"

"Ebo! Riziki gani? Panya hawa hawakuwepo hapa. Umewaita wewe, na mtama nimenunua mimi! Iangalie hiyo punje kwenye sharubu. Ya mama hiyo, Bhai. Kwa jina la mama!"

Pyarali alivua miwani. Alitazama mtama uliotapakaa. Akawafukuza panya kwa teke, akapiga magoti, mzee wa watu na suruali yake iliyopigwa pasi, akaanza kuzoa. Mtama ulikwisha changanyika na kinyesi, manyoya na mkojo wa panya. Aliuzoa kwa viganja vitupu, akaurudisha mfukoni.

"Inuka! Utapata maradhi!"

"Siwezi kuuacha," alisema, akilia waziwazi. "Niliumwaga kwa ajili ya mama. Si kwa ajili ya hili."

Watu waliokuwa wakikimbia mazoezi walimkwepa. Mmoja aliziba pua. Rashida alichukia kila kitu, harufu, njiwa, kaka yake, na yeye mwenyewe zaidi. Lakini amwache pale peke yake kama mwendawazimu? Aliisukuma kamera mgongoni, akapiga magoti, akatia mikono. Mtama ulikuwa ujiuji, tena wa uvuguvugu. Alibana pumzi, akazoa.

"Rashida," Pyarali alinong'ona. "Geuka."

Kibisi alikuwa akitoka kwenye matete, karibu sana, jua limempiga ubavuni. Mgongoni mwake, katikati ya manyoya, kichwa kimoja kidogo kilichungulia.

"Piga! Piga upesi!"

Rashida alitazama mikono yake. Kijani, kahawia, unyoya umenata kwenye pete. Angeweza kuifuta kwenye gauni. Lakini chini bado palikuwa na mtama tele, na kwenye mawe pua ya panya ilikwisha chomoza.

"Achana na picha," alisema. "Okota, Bhai. Wanarudi."